Mhadhiri wa Kigali: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Darasani

Masharti haya ni kwa wanaofundisha vyuoni Kigali. Mwanafunzi akikaa kimya, akibisha, akisinzia au akigoma kushiriki, tafuta sababu kwanza. Hukumu baadaye.

USIMWITE mzembe kwa kuwa hajibu. Mwaka 2008 serikali iliamua Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa madarasani, na watoto wengi wakasomeshwa na walimu waliokuwa bado wanajifunza lugha hiyo wenyewe. Matokeo yake yanaonekana hadi chuoni. Kijana ameshapata jibu la hesabu ya riba, amelipigia mstari kwa penseli kwenye daftari, lakini ukimtaka aeleze alivyolipata, anainamisha kichwa. Anaogopa kuchekwa, hasa na mwenzake aliyekulia Kampala ambaye Kiingereza kinamtiririka.

WAPE dakika tano wajadiliane wawili wawili kwa Kinyarwanda, kisha mmoja asimame aseme kwa Kiingereza. Aliyekulia Goma au Bujumbura akichanganya na Kiswahili, mwache. Nacho ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017. Anayecheka matamshi ya mwenzake mkemee papo hapo, darasa zima likisikia.

USIDHANI anayebisha anakudharau. Wanafunzi wengi wamelelewa wasimpinge mkubwa hadharani, kwa hiyo anayethubutu kukuuliza ushahidi wako uko wapi amepiga hatua kubwa. Mjibu kwa hoja. Kama jibu huna, sema utalileta kipindi kijacho, na ulilete kweli. Ila mwenye kubisha ili aonekane tu, mwekee mpaka: hoja moja, kisha zamu ya wengine.

USIMDHALILISHE anayesinzia darasa la jioni. Safu moja unamkuta karani wa benki angali na sare, muuguzi aliyetoka zamu, na dereva wa pikipiki aliyeweka helmeti chini ya kiti. Maneno kama "umekuja kulala?" hayamwamshi mtu, yanamfukuza. Mwite aje ubaoni aandike. Lakini tarehe ya kukusanya kazi ibaki ileile kwa wote. Huruma ya kupandisha alama ni udanganyifu.

Sasa Aprili, na hapa sina nafasi ya kulegeza. Kuanzia tarehe 7 nchi inaingia siku 100 za kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Anayesoma Gisozi, hapa Kigali, yuko kilima kimoja na makumbusho ya mauaji hayo walikozikwa zaidi ya watu 250,000. Wanafunzi wako wengi hawakuwa wamezaliwa, lakini kwenye dawati moja anaweza kukaa mtoto wa manusura na mtoto wa aliyefungwa kwa kuua.

USIMUULIZE yeyote historia ya familia yake mbele ya wenzake, hata kama somo ni historia. USIMLAZIMISHE aliyenyamaza aseme, wala aliyetoka nje akilia arudi haraka. Mtume mtu amfuate, na ujue mapema mshauri nasaha wa chuo anapatikana wapi. Hilo si jambo la kuanza kuulizia siku yenyewe ya msiba.

USIACHE kauli ya kukana au kupunguza mauaji hayo ipite kama "maoni tofauti". Ni kosa la jinai kwa sheria ya Rwanda, na ni jeraha kwa aliyekaa kiti cha pili. Isimamishe hapo hapo, eleza ukweli kwa utulivu, kisha toa taarifa kwa uongozi wa chuo. Usianzishe malumbano ya kutafuta mshindi.

La mwisho ni alama. USIMKATE mtu alama kwa sababu ya tabia yake, wala usimwongezee kwa unyenyekevu. Sahihisha ukiwa umefunika jina. Ukiona ule mwandiko wa mbishi wako unakupandisha hasira, mpe mwenzako karatasi hiyo aisahihishe.