Uzani Unapozidi kwa Mtumiaji wa Dawa za Ukimwi

Je, unatumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, na nguo ulizoshona mwaka jana hazikutoshi tena? Usifiche jambo hilo, wala usiache tembe zako.

Zamani aliyekonda ndiye aliyenyooshewa kidole mtaani, na jamaa zake walipomwona amenenepa, walishukuru. Hawakukosea. Mtu akianza dawa akiwa amedhoofika, kilo za kwanza ni mwili unaorudi: hamu ya chakula inarejea, na nguvu iliyokuwa ikiliwa na ugonjwa inabaki mwilini. Tatizo ni pale mizani inapozidi kupanda hata baada ya hapo.

Tembe inayotumiwa na wengi siku hizi ina dawa tatu, mojawapo ikiwa dolutegravir, iliyoanza kutolewa Kenya mwaka wa 2017. Katika utafiti uliofanywa Johannesburg, Afrika Kusini, wagonjwa waliopewa dolutegravir pamoja na tenofovir ya kawaida waliongeza kilo 4.3 kwa wastani katika wiki 96. Waliopewa efavirenz, dawa ya awali, waliongeza kilo 2.3. Wanawake waliongeza zaidi ya wanaume.

Hata hivyo, dolutegravir hudhibiti virusi upesi na vizuri. Kwa hiyo wale wanaoruka tembe siku mbili tatu ili wapungue wanajidanganya. Kitambi kinabaki na virusi vinaongezeka. Kubadilishiwa dawa ni kazi ya daktari, na pengine hata hiyo haitaondoa kilo ulizokwisha kupata.

Chukua tepu ya fundi wa nguo ujipime kiunoni. Mwanamke aliyepita sentimita 80, au mwanamume aliyepita 94, aombe kliniki impime shinikizo la damu na sukari. Usingoje kuambiwa, maana foleni ni ndefu na muuguzi huenda akakupa tembe zako tu. Punguza soda, chipsi na mandazi ya asubuhi, nusu ya sahani iwe sukuma wiki au mboga nyingine, na ushuke matatu vituo viwili kabla ya kwako.

Ukipatikana na kisukari ukaandikiwa metformin, mweleze daktari kwamba unatumia dolutegravir, hata kama ni vigumu kutamka. Dawa hiyo huongeza kiwango cha metformin katika damu, na huenda ikabidi upewe kipimo kidogo.