Picha Pana: Namna ya Kuunganisha Picha Nyingi Kuwa Moja

Wenzangu wengi huuliza kwa nini chama chetu cha picha hakitumii simu, ambayo hutoa picha pana kwa kuizungusha mara moja tu. Kwanza, simu haziruhusiwi bwenini, na hilo lamaliza mjadala. Pili, simu hufanya kazi yote kimyakimya, nasi tulitaka kujua inafanyaje. Basi muhula huu tulitumia kamera ya maabara ya fizikia.

Kazi yenyewe si ngeni. Mwaka 1878 Eadweard Muybridge alipiga picha 13 kutoka juu ya kilima mjini San Francisco, akizunguka pande zote. Zikipangwa bega kwa bega zaonyesha mji mzima.

Ugumu mkubwa ni mahali pa kuzungukia. Inua kidole gumba mbele ya uso, fumba jicho moja, kisha badili. Kidole chaonekana kuruka, ingawa hukukisogeza. Kilichohama ni mahali pa kutazamia. Vivyo hivyo, mpiga picha akigeuka kwa visigino, kamera aliyoishika mbele yake huhama kila mara. Tulijaribu njia zote mbili uwanjani. Tulipogeuka kwa mwili, mlingoti wa bendera, uliokuwa hatua nne tu kutoka kwetu, ulitoka miwili. Milima ya Uluguru nyuma yake haikujali, maana iko mbali. Kisha tuliweka kamera juu ya miguu mitatu, mhimili wa kuzungukia ukipita katika lenzi yenyewe. Mlingoti ukatoka mmoja.

Hesabu yake ni nyepesi. Kamera yetu huona upana wa nyuzi karibu 60. Kila picha yapasa kurudia theluthi moja ya picha iliyotangulia, yaani nyuzi 20, ili kompyuta ipate alama za kulinganisha. Kwa hiyo kila picha inayofuata huongeza nyuzi 40, na nusu duara yahitaji picha nne: 60 + 40 + 40 + 40. Tena kipimo cha nuru kifungwe kisibadilike. Kamera ikiachiwa ijipimie yenyewe, mbingu itakuwa na mabaka kama shuka iliyotiwa viraka.

Kuunganisha tulitumia Hugin, programu isiyolipiwa. Hutafuta alama zilizo katika picha mbili, mathalani pembe ya dirisha, kisha hukunja picha hizo kana kwamba zimebandikwa ndani ya pipa. Ndiyo sababu paa refu la bweni, ambalo ni nyoofu kabisa, katika picha yetu limepinda kama upinde. Wengine hawapendi, mimi naona linapendeza.

Sasa nije kwenye jambo lililotugombanisha. Picha ya kidato cha nne tuliipiga hivyo, sote tukiwa nusu duara kuizunguka kamera. Mwenzetu mmoja hakuwapo: alikuwa amekwenda nyumbani kumzika mama yake. Wengine walisema tukate sura yake kutoka picha ya mwaka jana, tuibandike kwa programu ya GIMP. Nilikataa, maana angekuwa amesimama mahali ambapo hakusimama. Wakanijibu kwamba hata picha ya nne ilipigwa dakika moja baada ya ile ya kwanza. Kama dakika yaruhusiwa, kwa nini si mwaka? Swali hilo lilininyima usingizi, na bado naliona ni zuri.

Tulipatana hivi. Nafasi yake tulikuwa tumeiacha wazi. Aliporudi, baada ya siku kumi na moja, tulingoja asubuhi yenye jua, tukaweka kamera palepale, mpaka kivuli cha mlingoti kikafika karibu na jiwe lilelile lililopakwa chokaa. Akasimama mahali pake, amevaa sare. Katika GIMP tuliweka picha mpya juu ya ile ya zamani, kama karatasi mbili, tukafuta ya juu yote isipokuwa yeye na kivuli chake. Mwunganiko hauonekani kabisa, na kwa sababu hiyo niliomba maandishi ya chini yautaje. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyaandika: siku tuliyopigwa sisi, siku aliyopigwa yeye, na sababu yake.

Picha imetundikwa nje ya maktaba. Yeye ni wa sita kutoka kushoto, safu ya nyuma.