Mzigo Tunaousifu

Mwezi huu twataka kujifunza habari ya unene wa mwili. Labda mtu atauliza, "Jambo hili lina haja gani katika gazeti letu?" Sisi nasi tulidhani hivyo, mpaka tulipofundishwa kwa huzuni.

Katika mtaa mmoja tuliotumika palikuwa na mwalimu, mtu wa bidii. Katika ujana wake alikwenda kufundisha kwa miguu, akipanda na kushuka vilima. Baadaye akapata pikipiki, na kila nyumba aliyoingia alikaribishwa chai ya sukari nyingi na maandazi. Akanenepa. Kila tulipokutana naye tulimwambia, "Mwalimu, umenawiri! Mama anakutunza vema." Naye akacheka kwa furaha. Kisha akaanza kuona kiu isiyokwisha, na kuamka usiku mara nyingi kwenda haja ndogo, asimwambie mtu. Siku moja akapata kidonda kidoleni, wala hakusikia maumivu. Alipofika hospitali ugonjwa wa kisukari ulikuwa umekwisha kuharibu mguu, ukakatwa chini ya goti. Tulipokwenda kumtazama akasema, "Mchungaji, laiti mngaliniambia nikapimwe, badala ya kunisifu." Neno hilo hatujalisahau, na ndilo lililotufanya tuandike.

1. Unene uliozidi ni upi?

Mafuta ya mwili si adui. Ni akiba, kama mahindi ghalani. Lakini ghala lijazwalo kila siku pasipo kutolewa kitu, mwisho hupasuka. Shirika la Afya Duniani lapima watu wazima hivi: uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu likifika 25, uzito umepita kiasi. Likifika 30, huo ni unene wa hatari. Mfano: mtu mwenye urefu wa mita 1.60. Mara 1.60 ni 2.56. Akiwa na kilo 64 amefika 25. Akiwa na kilo 77 amepita 30. Hesabu hii haiwafai wajawazito.

Asiye na mizani achukue utepe wa fundi cherehani, apime kiuno chake. Mwanamume akipita sentimita 94, na mwanamke akipita 80, hatari imeanza kuongezeka.

2. Wadhuru nini?

Mafuta yaliyo ndani ya tumbo, yazungukayo ini na utumbo, ni mabaya kuliko yale ya chini ya ngozi. Huizuia kazi ya insulini, ambayo ndiyo iifunguliayo sukari njia ya kutoka katika damu na kuingia katika misuli. Hapo kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi na zaidi, hata ikashindwa. Ndipo sukari hujaa katika damu, ikaharibu macho, figo na mishipa ya fahamu. Kwa sababu hiyo mwalimu wetu hakukisikia kidonda chake.

Tena presha ya damu hupanda, na kiharusi huwa karibu. Magoti huchakaa. Wengine hukoroma na kukatika pumzi usingizini. Hata saratani za namna kadhaa, kama ya utumbo mpana, huwapata zaidi watu wanene.

Wala tusidhani ya kuwa ni ugonjwa wa nchi za mbali. Mwaka 2022 watu waliokuwa na unene huu duniani walipita bilioni 1. Katika Tanzania, uchunguzi wa miaka 2015 na 2016 ulionyesha ya kuwa wanawake 28 hivi katika kila 100 wa umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliopita kiasi.

3. Watoka wapi?

Hutoka katika chakula kinachopita kazi ya mwili. Chupa moja ya soda ina sukari ya gramu 30 hivi, yaani vijiko saba vya chai. Gramu ya mafuta ya kupikia ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu ya sukari. Zamani tulitembea na kulima. Leo wengi wetu twaketi. Lakini si ulafi tu. Wako waliorithi mwili wa namna hiyo, na wako wanenepeshwao na dawa. Kwa hiyo kumdhihaki mnene ni kosa, kama kumsifu.

Tena iko hofu. Tangu ukimwi ulipoingia, mtu akipungua watu humnong'ona. Wengi wameogopa wembamba kuliko kisukari.

4. Tufanye nini?

Katika Marekani, watu waliokuwa karibu kupata kisukari walifundishwa kula kwa kiasi na kutembea dakika 150 kila juma, wakusudie kupunguza kilo 7 katika kila 100 za uzito wao. Mwaka 2002 ilitangazwa ya kuwa katika miaka mitatu hivi waliougua walipungua kwa sehemu 58 katika 100. Tazameni jinsi jambo dogo livyo na nguvu!

Basi, nusu ya sahani iwe mboga za majani. Mafuta yapimwe kwa kijiko. Kiu ikatwe kwa maji. Katika mikutano yetu chai iletwe bila sukari, na sukari iwekwe kando. Tutembee nusu saa siku tano za juma. Tukapimwe sukari na presha zahanati hata tusipoumwa. Atumiaye dawa za kisukari amwulize kwanza tabibu.

Mwalimu yule angali akifundisha, kwa mguu wa bandia. Kila mwanafunzi anenepaye humwita kando, akamwambia kwa upole lile neno ambalo yeye hakuambiwa.

Maswali ya kujibu:
1. Kiuno chako ni sentimita ngapi?
2. Katika mtaa wenu ni nani mliyemsifu, naye alihitaji kupimwa?
3. Mtamwambiaje pasipo kumwaibisha?