Mdomo sungura: maziwa kwanza, upasuaji baadaye

SWALI: Binti yangu amejifungua mtoto wa kike hapa Kiegei, wilayani Nachingwea. Mdomo wa juu umepasuka na ndani ya kinywa kuna tundu. Akinyonya, maziwa yanatokea puani. Majirani wanasema binti alimcheka mtu mwenye mdomo kama huo. Je, kuna tiba?
Bibi, Kiegei

JIBU: Tiba ipo. Lakini mtoto huyo ana shida isiyoweza kusubiri daktari wa upasuaji, nayo ni njaa.

Kaakaa likiwa wazi, hewa hupita puani na mtoto hukosa nguvu ya kufyonza. Atashika titi muda mrefu, atachoka na kulala, na mama atadhani ameshiba. (Aliyepasuka mdomo peke yake mara nyingi hunyonya vizuri, kwa kuwa titi lenyewe huziba pengo.) Kwa mjukuu huyu, mama akamue maziwa yake kwenye kikombe safi, ampakate mtoto akiwa wima, amnyweshe taratibu kwa kikombe au kijiko na kumbeulisha mara kwa mara. Maziwa yakitokea puani, atulie kidogo, kisha aendelee. Mtoto akipumua kwa shida au akibadilika rangi kuwa ya bluu, akimbizwe hospitali.

Zahanati impime uzito kila wiki na kuuandika kwenye kadi yake, bila kungoja kliniki ya mwezi. Kadi hiyo ndiyo itakayompeleka chumba cha upasuaji: kwa kawaida mdomo hushonwa kuanzia miezi 3 hadi 6, mtoto akiwa na angalau kilo 4.5 na damu isiyopungua gramu 10 kwa desilita. Malaria humaliza damu ya watoto, hivyo kwa familia ya mkoa wa Lindi chandarua ni sehemu ya maandalizi. Kaakaa hufungwa baadaye, kati ya miezi 9 na 18, kabla usemi haujakomaa. Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Mdomo ukishonwa na sura ikapendeza, hawarudi tena, na mtoto hukua akisemea puani. Masikio nayo yachunguzwe, maana maji hukusanyika nyuma ya ngoma ya sikio na kupunguza usikivu.

Safari ianzie zahanati, kwa rufaa ya kwenda Hospitali ya Wilaya ya Nachingwea. Jijini Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT iliyopo Msasani imekuwa ikifanya upasuaji huu bila kumtoza mgonjwa, kwa msaada wa Smile Train, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1999. Wapigiwe simu kabla ya kupanda basi.

Kuhusu majirani: kicheko hakipasui mdomo wa mtoto. Mdomo huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya ujauzito na kaakaa hufuata hadi wiki ya 9, wakati ambao wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Duniani, takriban mtoto 1 kati ya 700 huzaliwa na mpasuko wa aina hii. Urithi huchangia, vilevile sigara, pombe, kisukari kisichodhibitiwa na baadhi ya dawa za kifafa, ingawa hakuna anayepaswa kuacha dawa hizo bila kumwona daktari. Mara nyingi chanzo hakijulikani kabisa.

Akipanga mimba nyingine, binti aanze vidonge vya asidi ya foliki mapema, kabla hajashika ujauzito. Tanzania iliweka kanuni za kurutubisha unga viwandani, ikiwemo kwa asidi hiyo, mwaka 2011, lakini unga unaosagwa kwenye mashine ya kijijini mara nyingi hauna nyongeza hiyo.

Linalobaki ni nauli, na hapo majirani wana kazi nzuri zaidi ya kunong'ona. Watu wa Kiegei huchangishana kukiwa na msiba. Wachangishane na kwa mtoto huyu aliye hai. Bibi, mwambie binti asimfiche ndani. Ampeleke zahanati wiki hii.