Kuchagua Kati ya Vyuo Viwili vya Sheria

Mtu akikataliwa na chuo huhuzunika, kisha hutafuta kingine, kwa maana shauri lake limekwisha katwa na wengine. Aliyekubaliwa na vyuo viwili kwa siku zile zile ndiye alalaye macho. Sasa yampasa kukata shauri mwenyewe. Mwezi huu natulitazame jambo hili kwa mfano wa Harvard na Yale, vyuo viwili vya Marekani ambavyo kila mwaka hushindania wanafunzi wale wale. Nanyi walimu, ambao huletewa barua za vijana mzisome na kutoa shauri, mtaona kwamba maswali yake hayako mbali na yale mnayoulizwa.

Kwanza fahamuni desturi ya nchi ile. Kwetu kijana hutoka shule ya sekondari akaingia moja kwa moja katika masomo ya sheria. Ndivyo ilivyo Dar es Salaam, ambako mafundisho ya sheria yalianza mwaka 1961. Marekani sivyo. Yampasa mtu awe na digrii ya kwanza, ya somo lo lote, ndipo asome sheria miaka mitatu. Basi afikaye mlangoni pa chuo cha sheria ni mtu mzima, na mara nyingi amekwisha kuwa na deni la masomo ya kwanza. Tena digrii ile haimfanyi wakili. Baada yake uko mtihani wa jimbo lile atakalo kufanyia kazi.

Wengi huanza kwa kuuliza, “Ni kipi chenye sifa zaidi?” Swali hili halitufikishi mbali. Harvard kilianza kufundisha sheria mwaka 1817, na Christopher Columbus Langdell, aliyefanywa mkuu wa chuo hicho cha sheria mwaka 1870, ndiye aliyeleta desturi ya kufundisha kwa kesi: mwanafunzi husoma hukumu zilizokwisha kutolewa, na mwalimu humwuliza maswali mbele ya wenzake. Lakini leo Yale nao hufundisha hivyo. Mwaka 2022, Ketanji Brown Jackson alipoapishwa katika Mahakama Kuu ya Marekani, kati ya majaji tisa wanne walikuwa wamepata digrii ya sheria Harvard, wanne Yale, na mmoja Notre Dame. Hapo atafutaye kwa sifa atapataje njia? Wajomba na shangazi hupenda jina lile walilolisikia redioni, nao hawana kosa. Walakini si wao watakaokaa darasani miaka mitatu.

Afadhali kuuliza maisha ya humo yakoje. Harvard huingiza wanafunzi zaidi ya 500 kila mwaka, nao hugawanywa katika makundi ya watu kama 80. Yale huingiza kama 200 tu. Katika muhula wa kwanza kila mmoja huwekwa katika kikundi kidogo cha watu kama 16, wala muhula huo hauna alama ila kufaulu au kutofaulu. Harvard hukaa kando ya Boston, mji mkubwa. Yale wako New Haven, mji mdogo zaidi. Mtu asiyejua bado ni sheria gani aitakayo atapata Harvard masomo mengi ya kuonja. Mtu mnyamavu, ambaye katika kundi kubwa hafumbui kinywa, mimi ningempeleka Yale.

Hillary Rodham, ambaye baadaye aliolewa na Bill Clinton, alikubaliwa na vyuo hivi vyote viwili alipokuwa akimaliza masomo yake Wellesley mwaka 1969. Katika kitabu chake cha mwaka 2003 asimulia kwamba alikwenda kwenye karamu Harvard, akajulishwa kwa profesa mmoja kuwa ni mtu anayepima kati ya chuo chao na mshindani wao wa karibu. Profesa yule akajibu kwamba hawana mshindani wa karibu, wala hawahitaji wanawake zaidi. Moyo wake ulikuwa umeanza kuelekea Yale. Maneno yale yakalimaliza shauri. Katika wanafunzi 235 walioingia naye Yale, wanawake walikuwa 27. Tazameni, hakuna hesabu ya majaji iliyoweza kumwambia alilojifunza kwa kufika mwenyewe na kusikia jinsi alivyosemwa. Hata leo vyuo huwaalika waliokubaliwa waje kukaa siku chache. Awezaye na aende, akaongee na wanafunzi wa mwaka wa pili mahali ambapo wakubwa hawasikii.

Sasa fedha, na hapa ndipo penye uzito. Karo ya kila kimoja yapita dola 70,000 kwa mwaka, bila chakula wala nyumba. Kwa sheria iliyotiwa sahihi Julai 2025, wakopaji wapya wa masomo kama haya, tangu Julai 2026, hawawezi kukopa kwa serikali ya Marekani zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka, na dola 200,000 kwa jumla. Pigeni hesabu ya miaka mitatu, mtaona pengo. Kijana wa kwetu aendaye kwa kibali cha mwanafunzi hapati mkopo huo hata kidogo. Harvard na Yale hawatoi msaada kwa ajili ya alama nzuri, bali kwa kupima uhitaji wa mtu; na kwa kuwa kila chuo hupima kwa kipimo chake, majibu yaweza kutofautiana. Basi ziwekwe barua zote mbili mezani, mikopo itengwe na ruzuku, maana barua nyingine huyachanganya hata deni likaonekana kama zawadi. Tena aulize habari za baadaye: Harvard tangu 1978 wana mpango wa kuwasaidia kulipa mikopo wale wafanyao kazi ya mshahara mdogo, na Yale nao wanao wao. Atakaye kuwatetea maskini na ausome mpango huo kabla ya kusoma habari za maktaba.

Katika vyuo vingine vya Marekani hutolewa ruzuku kwa sharti la alama. Hiyo ni hatari, kwa maana alama za mwaka wa kwanza mara nyingi hugawanywa kwa kulinganisha wanafunzi, na lazima wengine wawe chini. Chama cha Mawakili cha Marekani hudai kila chuo kitangaze kila mwaka ni wangapi waliopunguziwa au kunyang’anywa ruzuku hizo. Hesabu hiyo na isomwe.

Shauri likiisha kukatwa, chuo kile kingine kiandikiwe upesi, siku hiyo hiyo kama yawezekana. Wako watu waliowekwa katika orodha ya kungoja, na mmoja wao ataitwa kukaa katika nafasi ile.