Kutapika kwa Mwenye Mimba, na Udongo wa Geita

Yafaa tuanze kwa kutenga mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Kichefuchefu cha miezi ya kwanza ya mimba ni jambo la kawaida; katika wanawake kumi, yapata saba hukipata, na kwa walio wengi huisha kabla ya mwezi wa tano. Lakini wako wachache, wasiozidi watatu katika mia, ambao kwao ni ugonjwa mzito. Hutapika usiku na mchana, hata maji hayakai tumboni, nao hukonda na kulala kitandani majuma mengi. Habari za hao ndizo tutakazozieleza hapa.

Katika vijiji vya Shinyanga na Geita mwanamke wa namna hii husemwa vibaya. Huyu asema anadeka, yule asema hampendi mumewe, na wengine huanza kumtafuta jirani aliyemroga. Nasi twajua vema jinsi maneno kama hayo yalivyowaua vikongwe wasio na hatia katika nchi hii. Basi walimu wa sharika wafahamu ya kuwa sababu kubwa ya ugonjwa huu imekwisha kujulikana. Mwezi wa Desemba 2023 wataalamu, miongoni mwao Marlena Fejzo wa Marekani aliyepata kuugua ugonjwa huo mwenyewe, walitangaza habari za homoni iitwayo GDF15. Hutoka katika kondo na mtoto, huingia katika damu ya mama, na kuigusa sehemu ya ubongo iamrishayo kutapika. Mwanamke ambaye kabla ya mimba alikuwa nayo kidogo tu mwilini hulemewa zaidi inapoongezeka ghafula. Hakuna deko hapo, wala uchawi.

Nyumbani asilazimishwe kula sahani nzima ya ugali. Apewe kidogo kidogo, kila baada ya saa moja au mbili, chakula kikavu kama tobolwa au kipande cha muhogo wa kuchemsha. Harufu ya dagaa na ya mafuta yakaangwayo humzidishia. Heri jirani apike kwake, naye aletewe chakula kilichopoa. Anywe kwa kijiko, si kwa kikombe: maji safi lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari visivyorundikwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Asipoweza kuyazuia hata hayo kwa siku nzima, hapana kungoja. Vivyo hivyo mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi au usipotoka kutwa, akizimia asimamapo, au akipungua uzito: aliyekuwa na kilo 60 akibaki na 57, huo ni ugonjwa. Tena kutapika kwenye homa si kwa mimba tu. Katika nchi hizi za Ziwa malaria ni nyingi, nayo humdhuru mama na mtoto pamoja, kwa hiyo apimwe damu siku ile ile. Na kutapika kunakoanza katika miezi ya mwisho, pamoja na kuumwa sana kichwa au macho kuona giza, kwaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba.

Hospitalini hutiwa maji ya chumvi katika mshipa na kupewa dawa ya kutuliza. Aliyetapika majuma mengi yampasa kupewa vitamini B1 kabla ya maji ya sukari, kwa maana akiikosa ubongo waweza kuharibika. Ndugu amwuguzaye na aseme wazi ametapika tangu lini. Dawa za dukani za kubahatisha ziachwe. Thalidomide iliuzwa Ulaya tangu 1957 hata 1961, wajawazito wakainywa kwa ajili ya kichefuchefu, na maelfu ya watoto walizaliwa wenye mikono na miguu iliyopungua.

Sasa tuje kwenye udongo. Wengi husema pemba hutuliza moyo unapochafuka. Mwaka 2012 watafiti waliwauliza wajawazito 340 wa wilaya ya Geita, na 155 wakakiri kula udongo. Katika hao 101 walikula mara mbili au tatu kwa siku, na 107 walinunua pemba dukani. Ule udongo ulipopimwa ulionekana kuwa na aseniki, kromiamu na nikeli. Tusimkaripie alaye, kwa maana hamu hiyo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu. Heri aende kliniki apimwe damu na kupewa vidonge vya madini ya chuma, wala asione haya kumwambia mkunga.

Liko na jambo la zebaki. Wachimbaji wadogo huikamatisha dhahabu, kisha huichoma motoni, na mvuke wake hauonekani. Mama agonjwaye hulala ndani kutwa, akauvuta, nao hupita katika damu hata kwa mtoto. Kule Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa zebaki ya samaki ulitambuliwa mwaka 1956, akina mama walioonekana wazima walizaa watoto walioharibika ubongo. Basi mume mchimbaji aichomee dhahabu mbali na nyumba, avue nguo za kazi kabla ya kuingia, wala karai lile lisirudi jikoni.