Jua na Sayari Zake: Somo kwa Waalimu na Wanafunzi wa Kilwa na Lindi

Watu wa pwani yetu, tangu Kilwa Kivinje hata Lindi, hawana haja ya kuambiwa kwamba mbingu zina utaratibu. Mvuvi ajua kwamba mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Na mwezi ukiwa nusu huwa maji mafu. Nahodha ajua majira ya kaskazi na ya kusi. Wakulima wa zamani walitazama kilimia kabla ya kushika jembe. Hiyo yote ilikuwa elimu ya kweli.

Lakini kujua kwamba jambo huwa, si sawa na kujua kwa nini huwa. Na sababu isipojulikana, hofu huingia. Hata leo wako waambiwao kwamba nyota yao ni Zohali, nayo ni nyota ya nuhusi. Basi huahirisha safari, au arusi, au hata kumpeleka mtoto mgonjwa hospitali, huku wakitoa fedha ili nyota isafishwe. Kwa hiyo yafaa tujue Zohali hiyo ni kitu gani, na mwendo wake u namna gani.

1. Nyota zikaazo na nyota zisafirizo

Ukitazama usiku baada ya usiku, utaona nyota nyingi sana zisizoachana. Kilimia cha leo ndicho walichokiona babu zetu. Lakini ziko tano zisizokaa mahali pamoja kati ya wenzake: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtari na Zohali. Hizo ziliitwa sayari, na asili ya neno hilo ni Kiarabu, maana yake zenye kwenda. Wala haziwaki kwa moto wao wenyewe. Hung'aa kwa nuru ya jua, kama mwezi ung'aavyo.

Dunia yetu nayo ni sayari. Mbili nyingine ni za mbali, zikaonekana kwa darubini: Uranus mwaka wa 1781, na Neptune mwaka wa 1846. Jumla ni nane. Pluto, iliyoonekana mwaka wa 1930, ilihesabiwa ya tisa, lakini mwaka wa 2006 wataalamu waliiweka katika hesabu ya sayari ndogo.

2. Nazi mchangani

Mwalimu na awapeleke wanafunzi ufukoni, na achukue nazi iliyofuliwa yenye upana wa sentimeta 11. Hiyo ni jua. Dunia itakuwa punje ya mchanga ya milimeta 1, nayo iwekwe mbali na nazi meta 12. Utaridi iwekwe kwenye meta 4 na nusu, Zuhura meta 8 na nusu, Mirihi meta 18. Mushtari, iliyo kubwa kuliko zote, ni kama gololi ndogo, nayo i kwenye meta 62. Zohali i kwenye meta 114, na Neptune yapata meta 355. Je, nyota nyingine iliyo karibu kupita zote tuiweke wapi? Kwa kipimo hicho ingekuwa mbali zaidi ya kilometa 3,000, umbali upitao ule wa Kilwa na Khartoum.

Katika hali yake halisi, dunia i mbali na jua kilometa milioni 150. Nuru yapita mbio umbali huo kwa muda wa dakika 8 hivi.

3. Miendo miwili ya dunia

Dunia ina miendo miwili. Kwanza yajizungusha yenyewe, na mzunguko huo hutupatia mchana na usiku. Pili yalizunguka jua kwa siku 365 na robo, nao ndio mwaka. Tena mhimili wake haukusimama wima, umeinama; na kwa ajili ya kuinama huko jua huonekana kwenda kaskazini na kurudi kusini.

Jambo hili laweza kuhakikishwa kwa kijiti kimoja kilichosimamishwa wima uwanjani. Mwezi wa Juni kivuli cha adhuhuri hulala upande wa kusini, maana jua li kaskazini kwetu. Mwezi wa Desemba hulala upande wa kaskazini. Na mara mbili kwa mwaka, katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari, jua hupita utosini pa watu wa Kilwa, kijiti kisiwe na kivuli. Watu wa Lindi, walio kusini zaidi, huona hivyo siku chache baadaye mwezi wa Oktoba, na siku chache mbele mwezi wa Februari. Kwa kuhama huko, jua huzipasha moto nchi za kaskazini na za kusini kwa zamu, na pepo hugeuka. Ndizo pepo zilizoleta majahazi ya biashara hata Kilwa Kisiwani, mji aliouzuru Ibn Battuta mwaka wa 1331.

4. Kamba na vijiti viwili

Zamani wenye elimu wengi walishika kwamba dunia imetulia katikati, na jua laizunguka. Mwaka wa 1543 kilitoka kitabu cha Copernicus, kikafundisha kwamba jua ndilo lililo katikati. Johannes Kepler, Mjerumani wa Kilutheri aliyesoma Tübingen akitazamia kuwa mchungaji, alifuatisha mwendo wa Mirihi kwa hesabu ndefu, na mwaka wa 1609 alitangaza kwamba njia ya sayari si duara kamili.

Chomeka vijiti viwili mchangani, karibu karibu. Vizungushie kamba iliyofungwa mwisho kwa mwisho, uivute kwa kijiti cha tatu, uchore. Utapata duara iliyorefuka kidogo. Hiyo ndiyo namna ya njia ya sayari, na jua li mahali pa kijiti kimoja, si katikati. Sayari ikilikaribia jua huenda mbio zaidi. Ikienda mbali, hupunguza mwendo.

Lakini tusidhani kwamba joto letu latokana na ukaribu huo. Dunia hulikaribia jua kabisa mwanzo wa Januari, na wakati huo huo Ulaya huwa baridi kali na theluji. Sababu ya majira ni kule kuinama.

Ni nini kizuiacho sayari zisipotee? Newton alieleza mwaka wa 1687 kwamba ni nguvu ya uvutano. Mtoto azungushaye jiwe kwa kamba aweza kufahamu: kamba ikikatika, jiwe lakwenda moja kwa moja. Uvutano wa jua ni kama kamba hiyo.

5. Je, Zohali hurudi nyuma?

Waaguzi huogopesha watu zaidi sayari inaporudi nyuma kati ya nyota. Ni kweli yaonekana hivyo, lakini tazama sababu. Tuseme umo katika jahazi litokalo Lindi kwenda Kilwa, na kusi lakusukuma vizuri. Kati yako na pwani iko mashua iendayo upande huo huo, ila polepole. Unapoipita, mashua yaonekana kama yarudi nyuma mbele ya minazi ya pwani. Kumbe nahodha wake hakugeuza usukani hata kidogo.

Ndivyo ilivyo kwa Zohali. Dunia yaenda kilometa 30 kila sekunde. Zohali, isiyofika 10, yamaliza mzunguko mmoja kwa miaka 29 na nusu. Basi kila mwaka na majuma mawili hivi twaipita. Iliyopita ni sisi.

Chombo kilichoitwa Cassini kiliizunguka Zohali tangu 2004 hata 2017, kikaleta picha za pete zake, ambazo ni vipande vya barafu na mawe. Hakuna humo jicho limtazamalo mtoto wa Kilwa kwa ubaya. Tena, kupatwa kwa jua kwa tarehe 1 Septemba 2016, watu walikokwenda kukutazama Rujewa, kulijulikana miaka mingi mbele kwa kupiga hesabu. Aijuaye njia ya sayari aweza kukuambia mahali itakapokuwa. Hawezi kukuambia homa ya mtoto itakwishaje. Hilo mwulize mganga wa hospitali, tena mapema.

Maswali kwa wanafunzi

Kwa nini Zuhura haionekani kwetu usiku wa manane? Mtoto wa miaka 12 amelizunguka jua mara ngapi pamoja na dunia, na katika muda huo Mushtari imezunguka mara ngapi? Kivuli cha adhuhuri leo chalala upande gani, na kwa nini? Majibu yasitoke kitabuni tu. Yatafuteni kwa nazi, kwa kamba na kwa kijiti.